Kaseti ya Kwaya

Jumamosi, saa nane na nusu mchana, kwa Rwegasira hata kuku walifukuzwa uani. Kokushubila alizunguka nyumba nzima akikomesha kelele moja baada ya nyingine: sufuria iliyokuwa ikitokota aliiepua, mlango wa jikoni aliutia kigingi usijibamize, na rafiki yake Ephrasia, mtoto wa jirani, alimkalisha mkekani akamwonya asijikune. Ndipo baba yake alipoileta redio kutoka chumbani akaiweka juu ya kigoda, na mbele yake akaiweka mashine ya kaseti, karibu kiasi cha kiganja kimoja. Hawakuwa na waya wa kuziunganisha. Redio iliimba, mashine ikasikiliza kwa kitundu chake kidogo, na waliokuwamo chumbani walibana pumzi.

"Vidole viwili kwa pamoja," Rwegasira alimnong'oneza bintiye. "Chekundu na cheusi. Ukitanguliza kimoja tumekwisha."

Hivyo ndivyo nyimbo zilivyokamatwa Kamachumu miaka ile. Ulisubiri kipindi cha salamu, ukavumilia kadi za watu wa Izigo wakiwasalimu watu wa Nshamba ambao wangeweza kuwatembelea kwa miguu yao, ukamwomba Mungu mtangazaji asiropoke juu ya gitaa la mwanzo. Aliropoka karibu kila mara. "Huyu bwana hanyamazi hata akimeza mate," Rwegasira alilalamika, na Kokushubila alicheka mkono ukiwa mdomoni.

Kwa kuwa mashine ilisikiliza kwa kitundu, iliokota kila kitu. Jogoo wa kina Ephrasia yumo katika rumba mbili. Mvua juu ya bati imo. Na kikohozi cha Rwegasira kimo. Kaseti za mwaka themanini na tano hazina kikohozi hata kimoja. Za themanini na sita kinasikika mara mojamoja, kimezibwa na kiganja. Za themanini na saba kimo ndani ya kila wimbo, na Kokushubila alizizoea hivyo hata alipoimba peke yake migombani alinyamaza kidogo mahali pa kikohozi, kisha akaendelea.

Aliimba sana mtoto yule. Aliimba akichota maji, akipalilia, akichambua maharage. Alipopotea machoni, mama yake Theopista aliufuata wimbo akampata. Na kama hakuwa akiimba aliita tu, "Mae!", yaani mama, naye Theopista alimjibu kutoka popote alipokuwa kibanjani, shamba lao la migomba lililozunguka nyumba, "Waitu!" Ephrasia, ambaye ndiye aliyeisimulia habari hii hadi ikatufikia, husema miito hiyo miwili waliizoea kuliko kengele ya kanisa.

Mashine yenyewe ilitoka vitani. Rwegasira alikuwa mgambo mwaka sabini na tisa, akarudi kutoka Masaka na magoti mabovu na mashine ya kaseti iliyoviringishwa ndani ya blanketi. Alisema aliikuta juu ya meza, katika nyumba isiyo na paa, mwenyewe hayupo. Ndani mlikuwa na kaseti moja. Mwanamume alizungumza Kiganda kwa muda mrefu, taratibu, kama mtu anayetoa maagizo. Alipomaliza pakawa kimya. Kisha mtoto wa kike aliita mara moja: "Maama!"

"Irudishe ulikoitoa," Theopista alimwambia mumewe siku hiyohiyo.

"Nimrudishie nani?"

Akarekodi kwaya ya parokia juu ya maneno yale. Akavunja vile vimeno viwili vya plastiki vya mgongoni mwa kaseti, ili mtu asirekodi tena juu yake, akaandika KWAYA kwenye kasha. Nyimbo za kwaya zilikaa vizuri. Ila ukiiacha kaseti ikaenda mpaka mwisho kabisa, yule mtoto bado aliita. Kwa hiyo hakuna aliyeiacha ikafika mwisho.

*

Miaka hiyo hapakupita wiki bila msiba. Wengine waliuita ugonjwa ule Juliana, kwa jina la vitambaa vilivyoingia kwa magendo kutoka ng'ambo ya mpaka, wengine silimu, kwa jinsi ulivyowakondesha watu. Rugambwa, mdogo wake Rwegasira, hakutaka majina hayo. Alitangaza kilabuni, mbele ya watu, kwamba kaka yake amelogwa na wenye mali ya Masaka, na kwamba shemeji yake naye atafuata, maana uchawi wa mali hula nyumba nzima.

Mwezi wa sita mwaka themanini na nane, Rwegasira alimtuma Kokushubila kisimani ingawa mitungi ilikuwa imejaa. Aliporudi alimkuta katekista Ildefons akitoka, kofia ameishika kifuani. Mashine ilikuwa kitandani kwa baba, na alipoigusa ilikuwa ya moto. Alimwuliza mama yake walikuwa wakirekodi nini bila redio. "Sala," Theopista alijibu, akageukia ukutani.

Haikuwa sala. Vidole vya Rwegasira havikuweza tena kushika kalamu; tena alisema karatasi inaweza kukanwa, lakini sauti yake Rugambwa hataikana mbele ya ukoo. Aliziba mapengo ya vimeno kwa karatasi, akausema wosia wake juu ya kaseti ya kwaya, Ildefons akiwa shahidi, kisha akaitoa ile karatasi na kuirudisha kaseti ndani ya kasha lilelile. Rugambwa alipenda muziki wa dansi kupita kiasi. Angeiba kaseti yoyote isipokuwa ya kanisani. "Mtoto asibebeshwe jambo hili," Rwegasira alimwambia mkewe. Huruma hiyo ndiyo iliyowaponza.

Alikufa mwezi wa nane, akazikwa kibanjani, hatua chache kutoka kwenye mibuni. Ildefons alimfuata baada ya siku kumi na saba. Rugambwa alichukua baiskeli ya marehemu, koti lake, na kaseti zake zote ndani ya kikapu. Redio wazee walimwambia aiache mpaka matanga yaishe. Mashine aliiacha mwenyewe, kwa sababu kifuniko chake kilifungwa kwa mpira wa baiskeli, akaiita takataka. Na kwaya, kama Rwegasira alivyojua, hakuigusa.

Sasa, palikuwa na wimbo mmoja ambao baba na binti waliuwinda mwaka mzima. Hawakujua jina lake wala bendi yake. Waliuita Wimbo wa Mlango, kwa kuwa mwanamume anamwomba mkewe asitie komeo, yuko njiani anarudi. Mara betri zilikufa katikati, mara mtangazaji aliurukia, mara kikohozi. Nyumba yenye matanga haifunguliwi redio, na Kokushubila alilijua hilo. Lakini Jumamosi ya wiki ya tano mama yake alikuwa amekwenda zahanati, nyumba ilikuwa kimya mno, na mikono yake ilijua kwamba saa tisa imekaribia.

Kaseti ilikuwa moja tu iliyobaki. "Iliyovunjwa meno haiguswi," baba yake alimfundisha hivyo, na aliyakumbuka maneno hayo huku akitafuna karatasi ya daftari na kuishindilia kwenye mapengo. Ila ilikuwa kwaya tu, wala si kwaya nzuri. Alifungua redio kwa sauti ya chini kabisa. Ule wimbo ulipigwa. Ulipigwa mzima, tangu gitaa la kwanza, bila neno la mtu. Alibonyeza vidole viwili kwa pamoja, na aliacha mashine iendelee mpaka upande mzima ukajaa nyimbo. Alilia kwa furaha. Alidhani amemshikia baba yake wimbo wake.

*

Siku nane baadaye Rugambwa alisimama mlangoni na hakutaka kuketi.

"Shemeji, wewe ni mgonjwa," alimwambia Theopista. "Kibanja hakiachiwi mgonjwa na mtoto wa kike. Jumapili ijayo ukoo unakaa. Rudi kwenu Izigo ukatunzwe. Mtoto nitamlea mimi."

"Mume wangu aliacha neno."

"Alilisikia nani? Ildefons? Mfukue basi atuambie."

"Jumapili mtalisikia wote," Theopista alisema, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi alitabasamu.

Shemeji yake alipoondoka, alilichukua lile kasha la KWAYA na kuitia kaseti mashineni. Kokushubila alipoona hivyo alinyoosha mkono amzuie, ingawa hakujua bado sababu. Mama akabonyeza. Likaanza gitaa. Mwanamume akamwomba mkewe asitie komeo. Theopista alisubiri, sikio karibu na mashine, akidhani ni mwanzo tu. Akaipeleka mbele. Nyimbo. Akaigeuza upande wa pili. Kwaya. Akairudisha. Nyimbo.

"Mae," Kokushubila alisema, "ni mimi."

Theopista hakumpiga. Kama angempiga ingekuwa afadhali. Alikaa sakafuni, miguu ameinyoosha, akamweleza kila kitu kwa sauti ndogo: wosia, Ildefons, kasha. Kisha akasema taratibu, kama anayejiuliza mwenyewe, "Basi nitazikwa wapi mimi?"

Kesho yake walipata nafasi kwenye lori la kahawa mpaka Bukoba, mashine mapajani. Hasmukh, Mhindi aliyekuwa akimuuzia Rwegasira kaseti na kutengeneza redio za nusu ya mji, aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Mama, sauti ikifutwa imefutwa," alisema kwa upole. "Pole sana. Rwegasira alikuwa mtu wangu."

Lakini kwa heshima ya marehemu aliifungua mashine kwa bisibisi, akaimulika kwa kurunzi. Akaimulika tena.

"Nani aliitengeneza hii?"

"Hakuna. Ilikuja hivyo."

"Mashine kama hii ina vichwa viwili," Hasmukh alisema. "Kimoja kinarekodi na kusoma. Kingine kinafuta, ndicho kinachosafisha kaseti kabla ya sauti mpya kuingia. Hiki cha kufuta hakipo. Kimeng'olewa, na kutu inaonyesha ni zamani. Hii haiwezi kufuta. Mkirekodi juu ya maneno mtasikia vyote viwili, vimechanganyika."

"Sasa maneno ya baba yamekwenda wapi?" Kokushubila aliuliza.

Hasmukh alirudisha skrubu harakaharaka, mbili zikabaki mezani, hakuzijali. Akawapa betri nne mpya, akakataa malipo. Walipokuwa wanatoka Kokushubila aligeuka. Alimwona ananawa mikono kwenye karai, kwa sabuni, mpaka kwenye viwiko.

*

Jumatano mchana mvua ilinyesha na Theopista alilala na homa. Kokushubila alikaa jikoni na ile mashine, kichwa kimemwelemea. Alitaka tu kujua kama bado inarekodi. Alibonyeza, akaimba kale kawimbo ka kuokotea senene alikokaimba tangu akiwa na miaka mitatu. Kisha akarudisha nyuma, akasikiliza.

Kawimbo hakakuwapo. Palikuwa na ukimya wenye pumzi ndani yake. Kikohozi. Halafu: "Mimi, Rwegasira."

Basi. Baada ya hapo zilirudi nyimbo za redio.

Aliinuka akamwite mama yake, kisha akaona bora kwanza apate zaidi. Akabonyeza tena, akafungua mdomo aimbe kawimbo kalekale. Hakuna kilichotoka. Maneno aliyakumbuka yote, lakini koo lilipofika kwenye wimbo ule lilitoa hewa tupu. Alijaribu wimbo mwingine, ukatoka vizuri. Akarudi kwenye ule wa senene. Hewa.

Alielewa upesi, kama watoto wanavyoelewa masharti ya mchezo. Wimbo mmoja, maneno machache. Alifuta machozi kwa kiwiko, akabonyeza. Vidole viwili kwa pamoja.

Alitoa nyimbo za shule kwanza, kwa kuwa hakuzipenda sana. "Nikiwa na akili zangu timamu," baba yake alisema. Alitoa za kwaya. "Mbele ya mke wangu, na mbele ya Ildefons." Alitoa ule wa kutwangia. "Mungu ananiona." Rwegasira alikuwa mtu wa maneno mengi tangu uzima wake, na kufa hakukumbadilisha. Alhamisi Kokushubila aliitoa rumba nzuri kuliko zote, mojawapo ya zile mbili zenye jogoo, na akapata jibu kwamba jembe jipya lililoko darini apewe mtoto wa Ildefons.

"Taata, fupisha," alimnong'oneza baba yake akiwa amekumbatia mashine. "Nakuomba. Fupisha."

Ijumaa mama yake alimwita kitandani. "Mbona nyumba kimya hivi? Huimbi?"

"Nimechoka, Mae."

Jumamosi alimwita Ephrasia. Alimkalisha mkekani, mahali palepale pa siku zote, akamsikilizisha. Ephrasia alipoisikia sauti ya marehemu alishika mdomo. Kokushubila alimweleza masharti.

"Niazime wimbo mmoja," alinong'ona. "Mmoja tu. Zangu zimekwisha."

"Nitaupataje tena?"

Kokushubila alikuwa ameweka kidole juu ya kitufe chekundu. Ephrasia aliutazama mkono ule, akainuka, akakimbia mpaka kwao bila viatu. Hadi leo hasemi mengi kuhusu siku hiyo, ila husema kwamba aliviacha viatu vyake kule na hakwenda kuvifuata.

Jumapili ilifika. Ukoo ungekaa saa tisa. Saa saba, kwa Wimbo wa Mlango wenyewe, wa mwisho aliokuwa nao, baba alifika kwenye neno. "Na kibanja changu, na nyumba, na mibuni yote, ninamwachia..."

Hapo ilikatika.

Hakuwa na wimbo tena. Akatoa sala. Baba Yetu ilinunua pumzi moja. Salamu Maria, pumzi nyingine. Alihesabu mpaka mia. Alitaja majina ya kuku. Alitaja jina lake. Kila alichokisema kilitoka mara moja tu na hakikurudi. "Ninamwachia," alisema baba. Akavuta pumzi. "Ninamwachia." Akakohoa.

Uani sauti za wazee zilianza kusikika. Rugambwa alikuwa anacheka na mtu.

Kokushubila alijaribu kusema tafadhali. Hewa. Alijaribu kusema baba. Hewa. Alipapasa ndani ya kinywa chake, kana kwamba neno lingekuwa limefichwa kwenye fizi. Lilikuwapo moja. Alilijua tangu asubuhi, na alikuwa amelipita kila mara.

Kupitia mlango alimwona mama yake chini ya migomba, amefunga tumbo kwa kanga, anafagia uani kwa ajili ya watu waliokuja kumfukuza. Kokushubila aliinama mpaka midomo ikagusa kile kitundu.

"Mae!" aliita.

"Waitu!" Theopista alijibu kutoka nje.

Mashine ilizunguka yenyewe mpaka mwisho wa kaseti, ikasimama kwa kishindo.

*

Wazee waliketi kwenye majani makavu ya migomba. Theopista aliiweka mashine juu ya kile kigoda cha redio. Hakujua kwamba ndani mna kitu. Kokushubila alimpa tu mkononi, akaitikia kwa kichwa, na mama alimwamini.

Rwegasira alizungumza. Alisema habari zake zote, jembe na yote, kikohozi mahali pake. Wazee walivua kofia. "Na kibanja changu, na nyumba, na mibuni yote, ninamwachia mke wangu Theopista, na baada yake binti yangu Kokushubila. Asiondolewe mtu hapa. Theopista azikwe ubavuni pangu."

Rugambwa alikuwa ametoka jasho mpaka kola ya koti la kaka yake ikalowa.

"Uongo," alisema. "Wamemwiga. Kaseti zake nilizichukua zote kwa mikono yangu. Hii ilikuwa wapi? Mtoto huyu hajui kudanganya, aseme yeye. Koku, ilikuwa wapi?"

Wote wakamgeukia. Kokushubila alifungua mdomo. Akaufunga.

"Mnaona? Hana jibu."

Hakuna aliyekuwa amekumbuka kuizima mashine.

"Ilikuwa ndani ya kasha la kwaya, baba mdogo," Kokushubila alisema. Sauti ilikuwa yake, ya heshima, ya kila siku. Ilitoka mashineni. Midomo yake ilikuwa imefungwa, na machozi yalikuwa yakishuka juu yake.

Kaseti ikaendelea kidogo, kimya. Kisha ikaita: "Mae!"

"Waitu," Theopista alijibu kwa mazoea. Alikuwa anatazama mashine. Halafu akamtazama mtoto wake, na uso wake ukabadilika, na yowe alilopiga lilisikika mpaka barabarani.

Rugambwa aliondoka bila kuaga. Baiskeli aliiacha imeegemea mgomba. Hakudai tena kibanja, wala hakupita tena njia ile, hata alipokuwa anaumwa na njia ile ndiyo ya mkato ya kwenda zahanati.

*

Theopista aliishi miaka miwili na miezi kadhaa. Alimpeleka bintiye kwa madaktari, kwa padri, na mara moja, kwa siri, kwa mganga wa Nshamba, ambaye alipoambiwa habari za mashine aliwarudishia kuku wao. Jioni alipenda kuiacha kaseti iende mpaka mwisho. Ilipoita, alijibu. Kokushubila aliketi karibu yake na kumshika mkono, na hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao. Alipokufa alizikwa ubavuni kwa mumewe, kama ilivyosemwa.

Kokushubila alibaki peke yake kwenye kibanja alichokinunua ghali namna ile. Hakuolewa. Migomba yake ilistawi kuliko ya wote. Husemi naye ila kwa mikono, na wageni humwona mtu mpole. Betri za mashine zilioza humohumo zamani, zikatoa maji meusi. Lakini Jumamosi, saa tisa alasiri, majirani walisikia kutoka nyumbani kwake sauti ya mtoto wa miaka kumi na miwili ikiita, "Mae!" Mara moja tu. Baada ya hapo palikuwa kimya, kimya cha mtu anayesubiri. Watu walizoea. Walisema maskini, wakaendelea kupalilia.

Ephrasia aliolewa palepale kijijini. Binti yake Jovita alitokea kuwa mwimbaji. Hukumbuki lini alinyamaza. Mama yake alimkataza kupita kibanjani kwa Kokushubila, na mtoto alipouliza kwa nini, hakupewa sababu.

Mwaka elfu mbili na nne, Jumamosi moja, Jovita alichelewa kurudi kutoka kisimani. Alikuja na ndoo kichwani na ndizi mbivu mkononi, chane nzima, nzuri. Mkono mwingine ulibeba jozi ya viatu vya mtoto, vya zamani, vilivyofutwa vumbi.

"Nani amekupa hivi?"

"Mama mkubwa Koku. Amenikalisha mkekani, akanionyesha kwa mikono nimwimbie."

"Ukamwimbia?"

"Mmoja tu, mama."

"Wimbo gani?" Ephrasia alinong'ona. "Uimbe nisikie."

Jovita alifungua mdomo. Ephrasia alimwona anavuta pumzi, koo likipanda na kushuka. Hewa ikatoka tupu. Mtoto alishangaa, akajaribu tena, akaanza kucheka kidogo kama mtu aliyejikwaa.

Ng'ambo ya migomba sauti ilipaa. "Mae!"

Ephrasia alisimama na vile viatu mkononi. Kimya kikafuata, kile alichokizoea kwa miaka kumi na mitatu tangu Theopista afe. Alimvuta Jovita kifuani, akamziba masikio. Na ndipo alipoisikia, hafifu, ya mtu mwenye homa aliyeamshwa kutoka usingizini, sauti aliyoijua tangu utoto wake.

"Waitu."